Kadi ya Keza

Usiku wa Ijumaa, saa za watu kubaki ndani zilikuwa zimeshaingia na barabara haina mtu, ikasikika cherehani. Mara moja tu, mshono mmoja mrefu, kisha kimya. Asubuhi hapakuwa na haja ya kuuliza. Upande wetu wa Nyamirambo ulijua kwamba cherehani ni ya Twahiru, kwamba binti yake Keza, mwenye miaka kumi na sita, anapanda ndege Jumanne kwenda kusoma mwaka mmoja Ubelgiji, na kwamba baba mtu anashona dola ndani ya sketi. Ilikuwa mwezi wa nane, 1992. Barazani kwa Twahiru pana kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi bovu kule Nyabugogo; kinabeba watu watatu wakibanana. Jumamosi hiyo alikaa Twahiru mwenyewe katikati. Kushoto kwake alikaa Théoneste, tarishi mstaafu wa wizara moja Kimihurura, anayeitwa Risiti kwa sababu haamini jambo lisilo na karatasi. Kulia alikaa Valens, dereva aliyewahi kupelekwa Liège kwa siku tisa, na jina lake tangu arudi ni Siku Tisa. Mbele yao alisimama Nduwayo, Mrundi wa kahawa, na birika lake la tangawizi.

— Fundi, umezishona wapi? Risiti alianza.

— Kwenye pindo. Mshono mara mbili, uzi wa turubai. Mwizi hafiki.

— Na Keza mwenyewe atafika?

Twahiru alikunywa kahawa.

— Nauliza tu, mzee. Mtoto anaumwa jino, iko kwa duka ya dawa. Atavua sketi mbele ya mzungu aanze kufumua?

Nduwayo alicheka mpaka akaliweka birika chini.

— Tena kule hawafui na mikono, alisema Siku Tisa. Iko mashini. Inazungusha nguo saa nzima kwa maji ya moto. Dola zitatoka nyeupe kama leso.

— Basi mnataka nifanye nini? Mmesahau ya Annick?

Hakuna aliyesahau. Annick wa mtaa wa pili alikwenda mwaka juzi na fedha taslimu ndani ya soksi. Wiki ya kwanza soksi ikaibwa bwenini. Akaugua jipu la jino, akakaa siku kumi na moja na shavu limevimba, hana senti, hana wa kumwambia, mpaka mpishi wa shule akamwonea huruma. Barua yake ilisomwa kwa sauti hapa hapa barazani. Tangu siku hiyo Twahiru halali vizuri.

— Iko hundi za wasafiri, alisema Risiti. Karatasi safi. Unasaini mara ya kwanza ukiwa hapa, mara ya pili ukiwa dukani. Saini zikifanana, unapewa pesa. Zikiibwa, unarudishiwa.

— Saini ya Keza? Twahiru alitikisa kichwa. Mwezi wa tano ilikuwa na mkia. Mwezi wa sita mkia umekatwa, kuna nyota. Jana nimeona ameweka moyo.

— Moyo! alisema Nduwayo. Huyo harudishiwi kitu.

— Mpe kadi, akasema Siku Tisa, na akakaa vizuri kama mtu aliyengojewa. Kule watu wote iko na kadi. Unaingiza kwa ukuta, ukuta unatoa pesa.

— Ukuta wa nani?

— Wa benki, Fundi. Lakini iko kadi na kadi. Ingine inakula pesa yako tu, ikiisha basi. Ingine inakukopesha, mwisho wa mwezi wanakuletea deni.

— Hiyo ya deni hapana, alisema Twahiru. Mtoto akipita kwenye duka la viatu?

— Na ukuta unameza, Siku Tisa aliendelea. Ukisitasita, unameza kadi. Nimeona padri mmoja Liège, kadi imeingia haitoki. Alisimama pale tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa anaubembeleza.

— Kwa lugha gani? aliuliza Nduwayo.

— Kifaransa. Kumbe ukuta ulikuwa wa Waflamandi, hao hawataki Kifaransa.

— Sha, wewe siku tisa hizo ulilala saa ngapi?

Risiti aliinua kidole. Yeye alikuwa amesikia wizarani kwamba ule mstari mweusi wa kadi ni utepe, sawa na wa kaseti. Kwa hiyo ukiiweka karibu na redio, fedha inafutika.

— Yote?

— Inategemea sauti ya redio.

— Basi mwaka mzima asisikilize redio? alisema Twahiru, na alikuwa anauliza kweli.

— Asikilize taarifa ya habari tu, alisema Nduwayo. Muziki ndio una nguvu.

Siku Tisa akawakumbusha kwamba kadi ina namba ya siri, tarakimu nne. Hapo baraza likachangamka, kwa sababu namba kila mtu anazijua.

— 1976, mwaka aliozaliwa, alisema Risiti.

— Mwizi ataipata haraka, alisema Twahiru. Igeuzeni: 6791.

— 6791! Nduwayo aliisema kwa nguvu ili aisikie vizuri. Tamu!

Ng'ambo ya barabara, wanawake waliopanga madumu kwenye bomba waliipokea. Mmoja alisema 6791 inafaa, mwingine akasema yeye angependa sifuri ndani yake. Twahiru alichukua chaki ya kushonea, akaiandika kwenye ubao wa mlango anapoandika vipimo, chini ya kiuno cha mke wa Habimana.

— Basi imekwisha, alisema.

— Haijaisha, alisema Siku Tisa. Jino likiuma usiku, kadi haimpeleki kwa daktari. Lazima iko mtu. Na wewe Bruseli si uko na...

Risiti alimkanyaga mguu. Siku Tisa akatazama kikombe chake.

— Sina mtu Bruseli, alisema Twahiru.

Sote tulijua anaye. Dada yake aliondoka miaka kumi na moja iliyopita, siku mbili kabla ya ndoa yake, mchele umeshaoshwa na wageni wa bwana harusi wameshafika kutoka Bujumbura. Alimfuata mtu wa dini nyingine. Marehemu mzee wao akakataza jina lake lisitamkwe tena nyumbani. Mzee alikufa, katazo likabaki. Kwenye fomu ya shule ya Keza, mahali pa kuandika shangazi, Twahiru alipiga mstari.

Ndipo akaja Spès, karani wa benki moja mjini, kuchukua sketi yake ya kazi. Hakuwa mtu wa kijiwe. Alihamia mtaani Pasaka iliyopita. Alisoma mlango wakati Twahiru anakunja sketi.

— Baba Keza, 6791 ni kipimo cha nini?

— Ni namba ya siri ya kadi ya mtoto.

— Ya siri, alisema Spès, akatazama wanawake wa bomba. Namba hiyo inatolewa na benki, si na nyinyi. Na sisi hapa hatuna kadi ya kumpa. Itatoka kule. Mtu mzima mwenye akaunti kule anamwongeza mtoto chini yake, na wewe unamtumia fedha kupitia kwetu. Jumatatu asubuhi naweza kupeleka teleksi, jibu likaja kabla ya ndege.

Alitoa kalamu na daftari dogo mkobani.

— Huyo mtu mzima ni nani?

Risiti alisafisha koo. Siku Tisa alimwomba Nduwayo kahawa, na Nduwayo alisahau kummiminia.

— Lazima awe ndugu? aliuliza Twahiru.

— Lazima awe mtu atakayeamka simu ikilia.

Twahiru alivua tepu ya kupimia shingoni, akaizungusha kidoleni mpaka ikaisha.

— Rue du Moulin, alisema. Namba 41. Ghorofa ya tatu, kengele ya pili.

Hakuna aliyejua kwamba anaijua anwani. Spès aliandika.

— Anaandika kila Idi. Anwani iko nyuma ya bahasha. Sijafungua hata moja.

— Sawa, Baba Keza. Na jina?

Wanawake wa bomba walikuwa wameacha dumu likifurika. Twahiru alimtazama Risiti, kana kwamba mzee yule ana karatasi ya kuruhusu jambo hili. Risiti alitikisa kichwa taratibu, kukubali.

— Dada yangu, alisema Twahiru. Swafiya.