Sekunde arobaini za Bi Mwanamkuu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanamkuu Abbasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika famasi ya hospitali yetu. Kumi na sita kati ya hiyo aliongoza chumba cha kuchanganyia dawa za saratani. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu ninaweka shajara. Kamati ya kumuaga haikuuliza shajara hiyo inasema nini juu yangu.

Alianza mwaka 1994 kwa kuhesabu vidonge. Baadaye alikwenda masomoni, akarudi na desturi moja: kila mfuko wa dripu uliokwisha kuchanganywa aliuinua dirishani, akaugeuza taratibu, kama mnunuzi wa Mchikichini anayetafuta tundu kwenye shati la mtumba. Mimi, mtunza stoo, nilimpima kwa saa yangu ya mkononi: sekunde arobaini kila mfuko. Tarehe 4 Februari 2019 niliuandikia uongozi barua nikipendekeza zipunguzwe.

Tarehe 12 Februari kiyoyozi kiliharibika na chumba kikawa tanuri. Kwa busara zangu nilikusanya mifuko yote nikaitia kwenye friji, pamoja na wa cisplatin, dawa ambayo ikipigwa na baridi huganda chembechembe. Ukutani palikuwa na jedwali lililoandikwa kwa wino mwekundu: usiweke kwenye friji. Jedwali hilo nililichora mimi mwenyewe, kwa rula.

Mzee Elimringi, muuza vyombo wa Kariakoo, alikuwa ameshaketi, sindano ya dripu iko mkononi. Bi Mwanamkuu akautoa mfuko wa mzee kwenye friji, akauinua dirishani. Chini palikuwa na chembe za manjano, kama mchanga. Zilibakiza hatua kumi ziingie kwenye mshipa wa mtu.

“Mwanangu, hii ni dawa, si samaki wa Feri,” aliniambia, akachanganya mpya.

Mzee alipolalamika kucheleweshwa, aliyeomba radhi ni Bi Mwanamkuu. Kwenye ripoti ya kosa aliandika jina langu, kama inavyotakiwa. Juu yake akatanguliza lake.

Kesho yake nilikwenda kuomba nirudishiwe barua yangu. Uongozi ulikuwa haujaifungua.

Mzee Elimringi alimaliza matibabu yake yote. Juzi alileta seti nzima ya sufuria za kumuagia Bi Mwanamkuu.

Asante, Bi Mwanamkuu. Mungu akupe siku ndefu, zenye afya na mapumziko. Mifuko tutaendelea kuiinua, na saa yangu nitaivua kwanza.