Nusu Glasi ya Lujayn

Kijiwe cha kahawa kinachotazamana na geti la chuo, pale Irbid, hakijawahi kukosa jibu. Mchana ule wazee watatu walikuwa wamelibana benchi, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa ya hiliki. Mmoja wao, Mundhir, fundi bomba, hakuyatoa macho kwenye geti. Binti yake Lujayn alikuwa ametimiza miaka minne kwenye maabara ya kemia, akibuni unga wa kunasa maji hewani. Siku hiyo ndiyo walikuwa wanaujaribu, juu ya paa la chuo.

— Mimi nina habari za ndani, alisema kinyozi waliyemwita Rada. Hakuna cha maji wala nini. Wanapika dhahabu!

— Acha fiksi wewe! alidakia Jaji, karani mstaafu wa mahakama. Ile ni dawa ya kuita mawingu. Mwakani tunalima mpunga hapa hapa.

— Mbona wanafunga mapazia? aliuliza Rada.

— Mficha uchi hazai, bwana.

— Sasa hiyo imeingiaje hapa?

— Imeingia kwa mlango, we ulitaka ipite dirishani? Wakizidisha ule unga utanyonya hewa yote, tubaki tunatweta kama samaki. Mundhir, mwanao atatumaliza!

Mundhir aliinua macho kwenye matangi ya mtaa. Miaka thelathini amepanda mapaa kuziba matangi yanayopata maji mara moja kwa wiki. Na ni yeye aliyemwambia binti yake, mbele ya wageni, kwamba maji hayaletwi na madaftari. Siku ile binti aliinama tu, akaondoa vikombe. Hilo ndilo lililomuuma Mundhir mpaka leo.

Mara Lujayn akavuka barabara na koti lake jeupe, nusu glasi ya maji mkononi, akitembea kama aliyebeba yai.

— Salaam alaykum, wazee wangu. Unga umelala paani usiku kucha, leo jua limeukamua. Tumeyapima, ni safi. Nani ana kiu?

Rada akakagua viatu vyake mwenyewe. Jaji akapata kikohozi.

Mundhir akaipokea glasi, akanywa mpaka tone la mwisho.

— Yana ladha gani? Rada akanong'ona.

— Hayana. Ni maji.

Kisha akasimama, akapaza sauti hata wapita njia wakageuka:

— Nilikosea, mwanangu.

Lujayn akafuta macho kwa mkono wa koti, akacheka.

— Kesho tunaongeza unga mpaka kilo tano, baba. Uje mapema.