Miezi Saba Bila Sauti Mstari wa Mbele

Bwana asifiwe, watu wa Garsen! Na wewe uliyevuka mto asubuhi hii ukaja na matope miguuni, Bwana asifiwe zaidi!

Mimi ni Rehema, mkulima wa mahindi hapa mtoni. Kwa miaka kumi na moja niliimba soprano katika kikundi chetu cha watu sita. Hatutumii kinanda wala ngoma, ni sauti tu. Tumeimba Hola, tumeimba Bura, hata Kau tulifika kwa mtumbwi, sare tumezibeba kichwani zisilowe.

Ndugu zangu, nilitolewa uvimbe shingoni. Nikapona, lakini sauti ya juu haikurudi. Nikaogopa kusema. Nikiondolewa kikundini, nitabaki nani? Basi nilisimama mstari wa mbele, nikatabasamu, nikachezesha midomo tu. Miezi saba! Dada Agnes aliimba soprano peke yake, na mimi nikapokea pongezi.

Jumapili ya mavuno, maji yalifunga barabara, Agnes akakwama Chewele. Mwalimu Yona, kiongozi wetu anayeimba besi, akaniambia, "Rehema, leo soprano ni wewe." Akatoa noti ya kuanzia. Wenzangu wakaingia. Mimi, kimya! Kanisa zima likanitazama. Nikasema moyoni, Bwana, sina tena pa kujificha. Nikaitoa sauti niliyokuwa nayo. Ikatoka nzito, chini kabisa!

Kaka Daudi, tenori wetu wa pekee, akaacha kuimba. "We dada, hiyo ni ya kwetu! Umeiba lini?"

Watu wakacheka. Mimi nikalia, nikaungama yote palepale.

"Miezi saba unatuchezea sinema?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Toka hapo mbele." Nikageuka niende mlangoni. "Kasimame na Daudi. Huyu anapiga kelele peke yake mpaka mishipa inamtoka."

Wenzetu wawili wa alto akawapa sehemu ya soprano, akaushusha wimbo, akatoa noti upya. Haleluya, tuliimba mpaka kina mama wakaruka vitini!

Sasa wananiita Kaka Rehema. Naitika! Ile sauti niliyoililia Bwana hakunirudishia. Alinitoa kwenye hofu, akanipa nafasi ambayo sikujua kama ipo.

Ndugu yangu, kama unaficha jambo ukiogopa kufukuzwa, mwamini Yesu leo. Inuka, njoo hapa mbele. Usione haya kutembea peke yako, tutakuimbia mpaka ufike.