Sylvanus Amosi Lyamba na Dawa ya Shavuni

Ndugu waombolezaji, mliolala nasi hapa Kabungu tangu Jumanne, na nyie mliofika asubuhi hii kutoka Majengo na Kasekese, naitwa Dafrosa. Mimi ni mdogo wake marehemu na ndiye kitinda mimba wa nyumba hii. Ukoo umeniomba nisome maisha ya kaka yangu. Nitayasoma kama nilivyoyaandika, na pale sauti itakapogoma mtanivumilia.

Marehemu Sylvanus Amosi Lyamba alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, hapa hapa Kabungu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amosi Lyamba na mama Restituta, ambao wote wametangulia. Wakati huo Mpanda ilikuwa mkoa wa Tabora. Baadaye tukawa Rukwa, na sasa tuko Katavi. Kaka alipenda kuwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba nyumba yetu imehama mikoa mitatu na ukuta haujapata ufa. Alikuwa mtoto wa vituko na mwenye kicheko cha karibu. Akiwa na miaka tisa kifafa kilimshika kwa mara ya kwanza wakati wa chakula. Aliangukia mafigani, akaungua mkono wa kushoto, na waliokuwa wakila naye wakatawanyika. Hakuna hapa asiyejua sababu. Tumekua tukiambiwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umekipata. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akimshika mpaka kimwachie. Mama alifariki Juni 1985, na kuanzia hapo kaka alianguka peke yake na kuinuka peke yake. Ugonjwa huu aliuficha karibu maisha yake yote. Nautaja mbele yenu kwa sababu kuuficha ndiko kulikomuua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979. Baada ya kuanguka darasani aliwekewa dawati la peke yake karibu na mlango, na kikombe chake cha uji kikatundikwa kwenye msumari mbali na vikombe vya wenzake. Alisoma hivyo hivyo na akafaulu. Kuanzia mwaka 1986 hadi 1992 alikuwa sekondari ya bweni mkoani Tabora, na huko hakumwambia mtu. Vidonge vyake vya kifafa alivimeza kila siku kwa siri na vilimsaidia sana. Aling'ang'ania kitanda cha chini akidai anaogopa kudondoka, wenzake wakamwita Bibi. Alilipokea jina hilo na akaliitikia mpaka kidato cha sita, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko lile lingine. Mwaka 1997 alihitimu shahada ya famasia Dar es Salaam.

Aliajiriwa mwaka huo huo na taasisi moja ya utafiti wa dawa. Hapa Kabungu tulisema anauza dawa, naye alichoka kutusahihisha. Kazi yake ilikuwa kuitafutia dawa njia ya kuingia mwilini. Dawa ile ile inaweza kuwa kidonge, maji au sindano, na mgonjwa akapona au akafa kutokana na njia hiyo. Kwa miaka mingi alishughulika na dawa chungu za watoto, akizionja na kuzitema, akiongeza hiki na kupunguza kile. Mwaka 2014 ndipo alipoanza kazi iliyokuwa yake hasa. Mtoto aliyeshikwa na kifafa hawezi kumeza. Anahitaji sindano, na sindano iko zahanati, na zahanati iko mbali. Kaka akatengeneza utando mwembamba wenye dawa ndani yake, wa kubandikwa ndani ya shavu, ukayeyuka wenyewe.

Krismasi ya mwaka 2016 alikuja na tando zisizo na dawa, akatupanga kwenye mkeka, kila mtu na wa kwake shavuni, tuseme umeyeyuka baada ya muda gani. Baba mdogo Felisiani akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Kaka alifurahi sana, mpaka ilipojulikana kwamba baba mdogo alikuwa ameumeza pamoja na kipande cha nyama. Nyingine alizipanga chini ya bati la nyumba yangu hapa Kabungu mwezi wa kumi uliofuata, mnalijua joto letu la mwezi wa kumi, aone kama zitagandana. Ziligandana. Akarudi Dar es Salaam akaanza upya, na hakulalamika.

Alifunga ndoa na Immaculata tarehe 17 Julai 1999, wakajaliwa mtoto mmoja, Monika. Hakuwa amemwambia mkewe kuhusu ugonjwa wake. Mwaka 2004 alianguka mbele yake jikoni, na kabla mwaka haujaisha wifi akaondoka na mtoto. Sisemi haya kumlaumu, maana ametuma salamu za rambirambi na alilia kwenye simu kwa dhati. Alichoniambia ni kwamba hakuogopa kifafa hata kidogo. Aliumia kugundua kwamba ameishi na mtu asiyemfahamu. Kaka hakuoa tena. Nilipomtembelea nilikuta sahani moja, kijiko kimoja na redio.

Mwaka 2021, vibali vyote vya majaribio vilipopatikana, dawa ya shavuni ililetwa kujaribiwa huku kwetu. Kaka alipanga vyumba viwili Majengo, mjini Mpanda, akawa anakwenda vijiji vya Kasekese kwa pikipiki. Familia zenye watoto wagonjwa zilifundishwa, zikapewa tando, zikatakiwa kutoa taarifa. Taarifa zikaja nzuri kupita kiasi, kila nyumba ikisema imetumia. Lakini watoto hawakuonyesha dalili ya kuipata dawa, kifafa kilichelewa kuwaachia kama zamani. Akaenda mwenyewe kwa mama Sikujua, anayemlea mjukuu wake Shadrack. Mama huyo yupo hapa, na ameniruhusu niyaseme.

"Tuliitumia, mwanangu," alimwambia. "Tuliloweka kwenye maji, tukampaka utosini kwa unyoya wa kuku."

"Mbona tulikubaliana shavuni, mama?"

"Shavuni nitapitisha wapi kidole? Na lile povu?"

Kaka alinipigia simu jioni ile. Kwa miaka yote saba ya kutengeneza ule utando alikuwa amefikiria joto, uchungu, mate na meno, na hakuwahi kufikiria kidole cha anayeuweka. Yeye, aliyekimbiwa kwa sababu ya povu tangu utotoni. Huko maabara watu wote walivaa glovu, akasahau kwamba huku nyumbani mkono ni mtupu na una hofu. "Dafrosa," alisema, "nimetengeneza dawa ya watu wenye mtu wa kuwashika."

Alianza tena. Badala ya utando akaiweka dawa kama uji mzito ndani ya kibomba cha kusukuma, kama cha sindano, chenye shingo ndefu iliyopinda kidogo, mtu aweze kuifikisha shavuni akiwa amekaa nyuma, bila kugusa povu. Dar es Salaam mwenzake kazini, Daktari Venant, hakuafiki. Alimuuliza kama wanafanya sayansi au wanabembeleza ushirikina. Kaka akamjibu, "Mtoto akianguka hana muda wa kungoja bibi yake aelimike." Watu wa Kasekese walijifunza kwa kujaza vibomba uji wa ulezi na kulishana, wakicheka hadi machozi. Safari hii dawa ilifika. Mwaka jana Shadrack alianguka kisimani, bibi yake akampa dawa, na kifafa kikamwachia kabla hata bodaboda haijapatikana. Leo yuko darasa la tatu. Dawa yenyewe bado inasubiri kibali cha kuuzwa, na sijui itachukua muda gani.

Mimi nami sikuafiki, na nilimwambia. Nilimwambia, "Kaka, umewapa watu njia ya kumtibu mtoto bila kumgusa. Hofu yao umeitengenezea mpini." Akasema, "Mdogo wangu, mimi ningeupokea huo mpini kwa mikono miwili. Kuliko kukimbiwa."

Kuhusu kuugua kwake, tangu mwaka jana vidonge vilianza kushindwa kumsaidia, na alikuwa akianguka mara kwa mara. Madaktari walimtaka asikae peke yake. Nilimwomba arudi Kabungu akakataa, akisema pale Majengo anaheshimika. Ni kweli, aliheshimika. Walimwita Dokta. Vibomba vya dawa yake vilikuwa kwenye rafu karibu na mlango, vingi tu, lakini dawa ile mtu hawezi kujipa mwenyewe akiwa ameanguka. Inataka mtu wa pili, tena anayejua. Pale Majengo hakuwa amemwambia hata mmoja, kwa hofu kwamba wangeanza kupita upande wa pili wa barabara. Aliwafundisha watu wa vijiji vizima namna ya kuokoa, na mlango wa pili kutoka kwake hakuna aliyefundishwa.

Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, asubuhi, jirani yake Vénérande akiwa anakaanga maandazi, alisikia sufuria ikianguka chumbani kwa kaka. Aliita, hakuitikiwa, akaingia. Alimkuta chini, mwili ukitetemeka, povu likimtoka. Kuhusu rafu hakujua lolote. Alikaa sakafuni, akakiweka kichwa cha kaka mapajani, akalifuta lile povu kwa kanga aliyovaa, huku akimwambia, "Niko hapa, Dokta, niko hapa." Kifafa hakikuachia. Mumewe, Celestin, alileta bajaji, na kaka alikata roho njiani kuelekea hospitali, kichwa kikiwa bado mapajani kwa Vénérande. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Nimemuuliza Vénérande kama hakuogopa. Amesema aliogopa sana.

Marehemu ameacha binti mmoja, Monika, aliyefika jana kutoka Mwanza. Mdogo wake mmoja, ambaye ni mimi. Na baba mdogo Felisiani. Ameacha pia Vénérande, ambaye naona amekaa kule nyuma kwenye majani pamoja na mumewe. Naomba wapewe viti hapa mbele, kwenye viti vya familia.

Karatasi mlizoshika zinaishia hapo. Haya ninayoyasoma sasa nimeyaandika kwa kalamu asubuhi hii.

Juzi, kaka alipotakiwa kuoshwa, wanaume wa ukoo waliitwa. Wengi wakakumbuka kwamba wana kazi shambani. Huu ni mwezi wa tisa, ardhi imekauka kama tofali. Sijui ni shamba gani hilo. Waliomwosha ni baba mdogo Felisiani na Celestin. Nikasema sawa, yamepita. Lakini leo nilipotoka kuvaa nimekuta boksi la glovu limewekwa kwenye stuli kando ya jeneza, kwa ajili ya watu wanaokuja kumuaga. Aliyeliweka nafikiri alidhani anatusaidia. Nimeliondoa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, jeneza bado liko wazi, na padre amekubali tusubiri. Hakuna povu. Kaka yangu ni msafi na amevaa suti yake ya kijivu. Asiyeweza, akae, hatutamsema. Anayeweza, apite hapa, kwa mkono mtupu, amshike kaka mkono wake wa kushoto, huo wenye kovu. Mimi nitatangulia, Monika atanifuata. Tutakwenda polepole, maana kaka hana haraka, na amesubiri sana.

Mungu akupokee, kaka Sylvanus. Akupe amani, na huko usikae peke yako.