Mzee Nashoni Kisyeri, Silikoni na Injini ya Machochwe

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Nkende, mafundi wa Sirari, na akina mama mliotoka Machochwe tangu alfajiri, familia inaomba mtulie kidogo, msikie njia aliyopita Mzee Nashoni Mogesi Kisyeri kabla hatujamsindikiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1955 katika kijiji cha Nyamwaga, wilayani Tarime, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Mogesi Kisyeri na Mama Agustina, wafugaji na wakulima wa ulezi. Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza darasa la saba mwaka 1970, hakuchaguliwa kuendelea, na hakuona haya, kwani alikuwa akisema ng'ombe na injini hazijawahi kumwomba cheti.

Mwaka 1973 alikwenda Musoma kujifunza ufundi wa magari, na kuanzia mwaka 1978 hadi 1993 alikuwa fundi wa malori ya kubeba pamba, kisha mwaka 1994 akafungua karakana yake Sirari, jirani na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, hadi alipoihamishia hapa Nkende mwaka 2006. Tarehe 20 Desemba 1980, baada ya ng'ombe kufika kwa wakwe, alifunga ndoa na Mokami Zablon, na Mungu akawajalia watoto sita, wa kwanza akiwa Erasto, wawili wametangulia, na wajukuu kumi na saba.

Wengi wenu mlimfahamu kwa silikoni, ule mpira laini wa kwenye tyubu ambao fundi huupaka kwenye maungio ya injini ili oili isivuje. Kila mwanafunzi mpya alikabidhiwa kipande cha silikoni iliyokwisha kukauka na kipande cha bomba la plastiki, akavilaza siku nzima kwenye friza ya duka la soda, akavitoa na kuvikunja, plastiki imekakamaa, silikoni inakunjika vilevile, kisha akaviweka juu ya kikaango cha moto, plastiki ikalegea na kunuka, silikoni ikabaki kama ilivyo. Mwalimu mmoja wa kemia, aliyekuja kutengeneza pikipiki, alimweleza kwamba viungo vya silikoni vimetokana na kitu kilichomo kwenye mchanga, navyo vimeshikana na oksijeni kama mnyororo wa baiskeli uliotiwa mafuta, vinageuka kirahisi hata penye baridi kali, ndiyo maana haikakamai upesi. Marehemu alicheka sana, akasema, "Kumbe miaka yote hii napaka mchanga, mwalimu!"

Lakini aliujua na udhaifu wa silikoni, hakuipaka kwenye kabureta, kwa kuwa petroli huivimbisha kama andazi lililozama kwenye chai, hakuiharakisha, kwa kuwa hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, wala hakuizidisha, mstari wake ulikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti.

Mwezi Januari 2023 alimpokea karakanani mjukuu wake Wegesa, binti wa Erasto, aliyeshindwa mtihani wa kidato cha pili na kukataa kurudia, akiona aibu kukaa dawati moja na wadogo zake. Babu hakumwuliza habari za mtihani hata siku moja, alimpa ovaroli na kumtuma spana namba kumi na tatu.

Tarehe 11 Septemba 2023 waliitwa Machochwe, wilayani Serengeti, ambako mashine ya kusaga ya kikundi cha Mama Scholastica ilikuwa ikivuja oili, na marehemu, akiwa anashughulikia mkanda upande wa pili, alimwachia Wegesa kazi ya kupaka silikoni kwenye bakuli la oili chini ya injini. Wegesa aliogopa kushindwa tena mbele za watu, akaona kijiti cha kiberiti ni kidogo, akamimina karibu tyubu nzima, akafunga bolti haraka kabla babu hajageuka. Silikoni iliyozidi ilijiminya kwa ndani, ikaning'inia, na siku ya tatu ikakatika vipande, vikaziba chujio linalovuta oili, injini ikakosa oili, ikanoki na kufa katikati ya kusaga.

Marehemu alirudi, akafungua bakuli, akaviona vile vipande, akamtazama mjukuu wake, akavitia mfukoni. Akina mama wa kikundi walikuwa wamesimama, madebe ya mahindi miguuni, naye akawaambia, "Nimezeeka, mama zangu, huu ni mkono wangu." Wegesa alikuwepo, na hakusema neno.

Kwa miezi mitano, mpaka marehemu alipopata vipuri na kuifufua injini mwezi Februari 2024, akina mama walibeba mahindi kichwani hadi kijiji kingine. Huku Tarime watu walitaniana vijiweni, "Mura, peleka kwa Nashoni, akuzibie mpaka pumzi," wateja wakapungua, na mwezi Juni 2024 akafunga karakana. Wegesa aliyasikia maneno hayo sokoni, akayapita kama hayamhusu, akarudi nyumbani kula chakula cha babu yake.

Mwezi Machi 2025 marehemu alipata kiharusi, akalazwa hospitalini, akarudi nyumbani akiwa hawezi kutumia mkono wa kulia, akapata kiharusi cha pili tarehe 9 Agosti, na kufariki dunia Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini.

Wegesa alipoiandika historia hii juzi na kukiri kosa lake, baba yake Erasto aliifuta sehemu ya Machochwe, akiogopa kwamba hakuna atakayempa tena binti yake injini. Bibi Mokami, ambaye naye alikuwa hajui hadi juzi, aliomba asomewe yote, kisha akasema, "Erasto, baba yako amekula matusi ya mtoto wako miaka miwili, unataka tuyafukie naye?" Erasto akaandika upya kile alichokifuta. Wegesa ndiye huyu anayewasomea, na kwa Mama Scholastica na wenzake anaomba radhi, mwenye neno la kumwambia atamkuta hapa hapa nyumbani kwa babu yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Nkende mliochota maji na kukesha nasi, mafundi wa Sirari mliolibeba jeneza, na akina mama wa Machochwe, mliokuja kumzika mtu mliyedhani ndiye aliyewaharibia mashine.

Babu, pumzika kwa amani, kosa limerudi kwa mwenyewe.