Siku Waliyokataa Kuniimbia

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu! Lihimidiwe na wenye imani ya kuhamisha milima, na lihimidiwe hata na sisi ambao bado tunauliza mlima wenyewe uko wapi.

Mimi naitwa Loise. Ni mke wa mchungaji wa kanisa letu dogo hapa mtaani Jericho, na ni mpimaji wa maji katika maabara ya serikali. Nimeombwa nieleze Bwana alivyoniokoa. Nitaeleza kama ilivyokuwa bila kuipamba, kwa maana kupamba maneno ndiko kulikonitia taabani.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ndugu yangu mdogo alikufa kwa homa ya matumbo. Tulikuwa tukinywa maji ya mto. Watu wazima waliokuja matangani walisema ni mapenzi ya Mungu. Nikauliza mbona mapenzi hayo yanawapata wanaoteka maji upande wa chini wa daraja, na wanaoteka upande wa juu hayawapati. Nilinyamazishwa. Tangu siku hiyo nilitaka kujua kilichomo ndani ya maji. Wengine huitwa kwa ndoto. Mimi niliitwa na maji hayo. Nilisoma mpaka nikafika chuo kikuu, na huko nikawa mtu wa kuhoji kila kitu, hata wenzangu Wakristo wakaacha kunialika kwenye vikao vyao.

Zakayo alikuja kuhubiri chuoni kwetu akiwa bado anasomea uchungaji. Alipomaliza nilimfuata nikamwambia hoja yake ya pili haikusimama. Akaniuliza, "Na ya kwanza?" Tukabishana mpaka chai ikaisha kwenye birika. Miaka miwili baadaye tulioana.

Ndugu zangu, kuna kazi ambayo mwanamke haiombi wala haandiki barua kuitafuta. Anaipata siku ya harusi. Wiki tuliyohamia Jericho nilipewa kitambaa cheupe cha kichwa, nikatangazwa mwenyekiti wa kina mama. Kina mama hukutana kila Alhamisi saa nane mchana. Na Alhamisi saa nane mimi niko maabara, chupa za maji kutoka mitaa yetu hii hii zimepangwa mezani zikinisubiri.

Nilifanya nini? Nilidanganya. Mkubwa wangu kazini nilimwambia ninahudhuria kliniki. Wiki ambazo sikuweza kutoroka, kina mama niliwaambia nimepata wageni. Nilipokuja, niliomba maombi mazuri niliyoyatunga asubuhi nikiosha chupa. Walisema Amina. Mimi nilijua sizungumzi na yeyote.

Alhamisi moja niliondoka mapema, na maji ya bomba moja la mtaa huu yakapitisha muda wake bila kupimwa. Ilibidi yatekwe upya wiki iliyofuata. Siku saba watu walikunywa maji ambayo hakuna aliyejua yakoje. Yalipopimwa yalikuwa salama. Lakini siku hizo saba sikulala vizuri, maana nilikuwa nimefanya kile kile nilichowalaumia watu wazima wa kwetu: kuacha watu wanywe bila kujua.

Kisha Mzee Erasto akaja nyumbani. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu wa kazi, ana kibanda cha akala, vile viatu vya matairi, katika soko la Kariokor. Alikunywa chai yake yote kwanza.

"Mama Mchungaji," akasema, "sisi hatukuita mtu mmoja hapa. Tuliita nyumba. Nimeuza akala miaka mingi, na sijawahi kuuza mguu mmoja."

Mume wangu aliangalia kikombe. Mzee alipoondoka, akaniambia, "Loise, labda upumzike mwaka mmoja tu. Mpaka watuzoee."

"Na wewe utapumzika lini?"

"Mimi nimeitwa."

"Kwani mimi nilijipeleka?"

Zakayo si mtu mbaya, ndugu zangu. Alikuwa kijana mgeni mbele ya wazee, na aliogopa. Nami niliogopa kumwona akiogopa. Wiki hiyo niliandika barua ya kuacha kazi, nikaitia mkobani ili niipeleke Ijumaa.

Alhamisi nilisimama mbele ya kina mama kutoa ushuhuda. Mgeni afahamu desturi yetu: mtu akishuhudia, na ushuhuda ukiwa wa kweli, kina mama humpokea kwa wimbo kabla hajaketi. Hakuna anayetoa ishara. Lakini wakihisi kuna kitu umefunika, hawaimbi. Wanakaa tu.

Nikasema Bwana amenionyesha niache kazi ya dunia, nimtumikie kando ya mume wangu. Nikamtaja Ruthu na mkwewe. Nilisema kwa ufasaha kabisa! Kisha nikangoja wimbo.

Kimya. Nikasikia fundi akigonga mabati ng'ambo ya barabara. Nikaketi, nikapanga kitambaa changu. Bado kimya.

Mama Peris, ambaye huuza samaki sokoni, akakohoa. "Mama Mchungaji, mimi samaki nawajua. Namjua hata yule aliyetiwa chumvi nyingi ili asinuke. Simama tena, mwanangu. Tupe lenye harufu."

Mtu akacheka nyuma. Mimi nilisimama. Nikasema: sitaki kuacha kazi. Nimewadanganya, na mkubwa wangu nimemdanganya. Maombi yangu hapa ni ya kutunga. Sijui kama Mungu ananisikia, na mara nyingi sijui kama yupo. Lakini nikitazama tone la maji kwenye hadubini, nikajua kwamba mtoto fulani nisiyemjua hatakufa, hapo moyo wangu hupiga magoti bila kuambiwa. Kwingine haujapiga. Na barua ya kuacha kazi iko mkobani humu, na ninaichukia.

Wakaimba! Ndugu zangu, waliimba mpaka fundi wa mabati akaja kuchungulia dirishani. Nililia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wimbo ulipokwisha Mama Peris akaniuliza, "Sasa hiki kiti ulikitakia nini?"

"Mama, sikukitaka. Nilipewa."

"Jamani! Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Nilikuachia kwa heshima, nikidhani ni haki yako. Na wewe ukakikalia kwa heshima!"

"Basi kichukue, Mama."

"Nimekichukua. Na usikirudie."

Huo ndio uliokuwa uchaguzi. Hakuna kura iliyopigwa.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Zakayo alikuwa amekaa mlangoni. Alisema, "Nimesikia," akanipokea mkoba. Barua iliyokuwamo sikuipeleka Ijumaa. Jumapili, kabla ya mahubiri, alikiri mbele ya kanisa zima kwamba aliniomba niache wito wangu kwa kuwaogopa wanadamu. Mzee Erasto akainuka kutoka kiti cha mbele. "Kwa hivyo nyumba moja ina wito mara mbili?"

"Miguu miwili, Mzee," mume wangu akasema. "Kila mguu na akala yake."

Watu walicheka, Mzee hakucheka. Ilipita miezi mingi kabla hajanipa mkono. Na Jumatatu nilipomwambia mkubwa wangu ukweli juu ya kliniki, alinipa barua ya onyo, nayo iko kwenye faili langu hadi leo. Bwana hakuifuta. Sikumwomba aifute.

Mtauliza kama sasa maswali yameisha. Hayajaisha. Ninamwuliza Zakayo mezani, na siku hizi hunijibu "sijui" bila kuona haya. Kilichoisha ni uongo. Naomba maombi mafupi, mengine ni sentensi moja tu, lakini ni yangu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kwa moyo wangu wote. Bwana hakunifungua kwa hotuba. Alitumia wanawake walionipenda kiasi cha kukataa kuniimbia.

Dada yangu unayesoma haya, uwe mke wa mchungaji au wa makanga wa basi, usije kwa Bwana na maneno yaliyopigwa pasi. Mletee lile lililokunjamana. Anaweza kulibeba. Kama huna pa kulisemea, njoo kwetu Alhamisi saa nane. Mimi hutanikuta, nitakuwa kazini. Mama Peris atakufungulia mlango.