Fundi Kesho na Mifuko ya Mheshimiwa

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa mpaka viti vimekwisha, familia inawashukuru kwa kuja, na inawaomba mtege sikio kidogo tuwasomee maisha ya mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kesho, na ambaye baadhi yenu, tunawaona kutoka hapa, bado mna nguo zenu kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa baba mchoma matofali na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, akasoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, ambako walimu walimsifu kwa hati nzuri na kumgombeza kwa kuchelewa, tabia mbili ambazo hakuziacha, maana hata gari lililomleta leo mmeona wenyewe limefika saa ngapi.

Mwaka 1974 alianza kujifunza ushonaji kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua chumba chake mwenyewe mkabala na posta, chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, akawa fundi wa suti anayetafutwa na maharusi, walimu wakuu na waheshimiwa, na kila aliyeulizia nguo yake aliambiwa njoo kesho, kwa upole ambao ulimfanya mtu aondoke akishukuru.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa, na ambaye gauni lake la harusi lilikamilika wageni wakiwa wameshakaa, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, ambao baba yao aliwapenda kupita kiasi, akiwashonea sare za shule zenye pindo pana la kuachia urefu, na ambao walizivaa mpaka pindo likaisha.

Mwaka 2014 alijiunga na bima ya afya, akawa analipa kila mwezi bila kukosa, jambo pekee ambalo hakuwahi kulisogeza kesho, lakini figo zilipoanza kumsumbua mwaka 2020, kampuni ikamjibu kwamba ugonjwa huo alikuja nao, kwa hiyo haumo, naye akarudi nyumbani amekasirika kweli kweli, akiuliza nguo ambayo haijachanika inaletwa kwa fundi kufanya nini. Wengi mtaani kwetu walikuwa wamejibiwa vivyo hivyo, na tumaini lao lilikuwa muswada wa kuzilazimisha kampuni kugharamia hata maradhi ya zamani, muswada ambao wabunge waliuahirisha kikao baada ya kikao, huku magazeti yakiandika kwamba kampuni hizo hizo zilichangia kampeni zao na kuwalipia semina kwenye hoteli za kifahari, mpaka marehemu akasema hadharani kwamba hawa jamaa wamempita yeye kwa kesho.

Mheshimiwa mbunge wetu alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na Februari 2023 aliagiza koti la bluu la kuvaa kwenye mkutano wa kujieleza kwa wananchi, akalipata siku ile ile aliyoahidiwa, jambo ambalo lilipaswa kumshtua. Wavaaji wa suti mnajua kwamba koti jipya hutengenezwa mifuko ikiwa imebanwa kwa uzi wa muda ili isilegee, na fundi huutoa kwa wembe mteja anapokuja kuchukua. Sasa pale ukumbini muuza magazeti akauliza fedha za kampuni za bima zimeingia mfuko gani, Mheshimiwa akacheka, akasema mifuko yangu hii hapa, nawageuzia muone wenyewe, akapeleka mkono, mkono ukagoma kuingia, akajaribu upande wa pili, nako kumebana, akabaki anajipapasa kiunoni kama anayewashwa, hadi mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Imeshonwa isimwagike!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Mheshimiwa, ambaye tunakiri ni mwepesi wa ulimi, akaapa palepale kwamba mifuko hiyo haitafunguliwa mpaka muswada upite.

Tangu siku hiyo anatembea na leso mkononi. Marehemu alishikilia mpaka mwisho kwamba alisahau tu, umri umekwenda, macho hayaoni vizuri, na familia inamwamini, ila mjane ametuomba tuseme kwamba uzi wa muda hukatika kwa kidole, na ule ulikuwa uzi wa vifungo vya makoti ya baridi, umekunjwa mara mbili na kupakwa nta.

Alipopata uwezo alikwenda kusafishwa damu, akitaniana na wauguzi na kuwapunguzia sare zilizowapwaya, na alipokosa alikaa nyumbani akingoja, na tunasema wazi kwamba hilo linatuuma, kwa sababu mashine ilikuwepo na daktari alikuwepo. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani mliochangia matibabu bila kuombwa mara mbili, na mafundi wenzake mliofunga vyumba vyenu leo. Tunakushukuru nawe Mheshimiwa, kwa kuja, na kwa kuja na koti lile lile. Muswada unarudi bungeni Jumanne, na marehemu ameacha maagizo kwamba ukipita, koti ulilete kwa mjane wake, ambaye wembe anao tayari ndani ya kopo la vifungo, atakufungulia bure, sharti ni moja tu, ukifika mlangoni usimwambie kesho.

Pumzika kwa amani, fundi wetu. Nguo za watu tunazimaliza leo.